Kipimo ya Yasmine

Kazan, 15 Oktoba 2023

Yaya yangu Habiba, dada yangu mukubwa,

Amani itangulie kuingia mu nyumba, halafu hii karatasi iifwate. Miye niko muzima, Alhamdulilahi, ila masikio njo inanisumbua. Baridi ya huku haina adabu, inaanza na masikio kama mwalimu mukali.

Ijumaa mu simu ulisema sauti ni moshi, inapanda na inaisha, lakini barua mutu anaweza kuirudilia. Njo maana nimeikala chini. Nitaipiga picha niitume kwa Jeannot ya cyber, akutolee ku karatasi. Mwambie asisome mbele weye hujasoma. Ule kijana iko na midomo mingi.

Unaniuliza bantu ya Russie beko namna gani. Nitakueleza na tram, ile treni ndogo ya mu barabara. Asubuhi napanda tram kuenda ku atelier kwenye tunashona ovaroli. Bantu banabanana mule kama makala ya kupikia mu gunia, na makala ya kweli njo miye peke yangu. Lakini kiti ya karibu yangu inabakia wazi. Mama muzee iko na bifurushi, miguu inamuuma, anaona kiti, halafu anaangalia dirisha. Kwanza nilikuwa nasimama ili baikale. Sasa nilishaacha. Naweka pale mukate yangu, mukate njo jirani.

Ku musikiti bananipokea muzuri, siwezi kusema uongo. Hapa kuko Batatari, ni Baislamu tangu zamani. Lakini kila mara mutu atanikamata mukono: "Mashallah, ndugu! Uliingia Islamu mwaka gani?" Miye! Mujukuu ya bantu ya Kasongo, Baislamu tangu babu! Mumoja nilimujibu: "Niliingia siku mama alinizaa."

Chumba nayo ilikuwa mambo. Ku simu banasema kuya uone. Unafika, mulango inafunguka kidogo kama jicho ya mugonjwa: "Pole, kilishachukuliwa." Ni Mama Nurania peke yake njo alinikubali, Mutatari, mujane muzee. Nilipiga hodi nikasema Assalamu alaykum, naye akaitikia mbele hajaona uso. Alipoona uso, alishaitikia. Sasa afanye nini? Alicheka, akafungua.

Kirusi yangu ni ya sokoni, na luga yake siijui. Lakini tulivumbua mali, Yaya. Kitabu yeye anaita kitap. Sabuni ni sabin, dunia ni donya, habari ni heber. Sasa neno yetu yoyote yenye kunukia Kiarabu namutupia, na mara mingi anaidaka. Ascenseur, ile lifti ya nyumba, ikikataa, ananipiga bega: "Sabir, Hasan, sabir." Saburi! Hasan njo miye. Asani ilimushinda.

Sasa neno kubwa. Nguo ya harusi ya Yasmine inaendelea. Ni satini nyeupe, nzito, inaanguka muzuri. Kifua nilishakata kwa kukisia, lakini mikono naogopa. Nilimuacha mutoto, sasa ni muke. Ku simu uso inaonekana, mabega haionekani. Nilombe tu: umupime. Bega mupaka kiwiko, kiwiko mupaka kifundo, na urefu toka shingo mupaka chini. Usimupime juu ya nguo nzito. Na umwambie asikonde kwa wasiwasi ya ndoa, atanitia kazi mara mbili. Ule Aboubakar yake naye aache kunitumia picha ya nguo ya Dubai. Baba ya bibi-arusi ni fundi, haiko mutazamaji.

Muloko yako, ndugu yako mudogo,
Asani


Lubumbashi, 6 Novemba 2023

Yaya Chadia,

Weye mukubwa yetu ulinipigia toka Kindu, na tulilia tu mupaka unité ya simu ikaisha, hatukusema kitu. Sasa nakuandikia ujue vile ilipita.

Yasmine alitoka asubuhi kuenda Kasumbalesa, ku mupaka wa inchi, kutafuta kitenge ya pareil, ile bamama ya harusi bote bangevaa sawa. Rangi yenye alitaka hapa mujini haikukuwa. Malori ilikuwa mu foleni, vile unajua. Moja ilirudi nyuma, frein, breki yake, ilikatika. Alikuwa anapita katikati ya mbili, Yaya. Ilimubana pale pale. Kesho yake tulimuzika, nyuma ya adhuhuri. Kitenge ilirudi mu mufuko yake, haikukamata hata vumbi.

Unaniuliza kama Asani alishajua. Hapana. Na naomba usimwambie.

Unakumbuka vile Baba alikuwa anafanya? Alisema habari ya kifo haipandi waya, inaenda na miguu. Bantu tatu banaingia mu nyumba, mumoja anaikala huku, mumoja huku, mumoja anasimama karibu na mulango. Halafu njo inasemwa. Mutu akianguka, aanguke juu ya bantu. Sasa Asani kule aanguke juu ya nani? Aliniandikia kwamba mu tram kiti ya karibu yake iko na mukate. Aanguke juu ya mukate?

Huyu mutoto njo alikuwa roho yake. Mama yake alimuachia akiwa mu matiti, na Asani alimubeba mu mugongo pa mashini ya kushona, bantu banamucheka, eti mwanaume anabeba mutoto. Siwezi kumuua ku simu.

Nilikataza kila mutu asitie picha ya Yasmine ku Facebook. Aboubakar aliapa. Simu yangu niliizima, iko chini ya bitenge mu sanduku, maana sauti yangu Asani anaijua toka tumbo. Nitamwambia aksida. Nitasema muguu. Halafu kidogo kidogo, vile mutu anashusha muzigo toka kichwani. Imamu yetu aliniangalia sana, akasema: "Mama Habiba, uongo ya huruma nayo ni uongo." Nilimwambia najua. Niliswali, nikalia, na niliandika uongo vile vile.

Unilombee kwa Mungu.

Habiba


Lubumbashi, 8 Novemba 2023

Muloko yangu Asani,

Usishangae kama ijumaa hukunipata. Simu bananiiba ku soko. Kwa sasa tuandikiane tu; Jeannot atakutumia picha ya barua yangu, nawe uitoe ku karatasi.

Yasmine alipata aksida kule Kasumbalesa. Lori. Ni muguu. Simu yake ilivunjika pale pale. Iko pahali pazuri, analala sana, baganga ya hospitali banasema aachwe apumuzike.

Kipimo nitakutumia, lakini si sasa. Mutu mwenye kulala hapimwi.

Kula muzuri. Uvae kofia ya kufunika masikio. Mwansa jirani anakusalimu. Kama uko na ulizo, uniulize miye, usiulize mwingine.

Yaya yako,
Habiba


Kazan, 24 Novemba 2023

Yaya,

Barua yako niliisoma mara mingi juu ni fupi. Weye kuandika fupi! Weye ukieleza kuku ya Mwansa unajaza karatasi mbili. Nilijiambia ni juu ya uchovu ya kulinda mugonjwa. Mungu akulipe. Siku ile nilipima mukono ya ovaroli mubaya, chef akanipigia kelele, sikusikia.

Sasa sikia mambo yenye ilinipata hapa. Utacheka, na kama Yasmine ameamuka, umusomee naye acheke.

Siku barua ilifika, Mama Nurania aliona uso yangu. "Heber?" Habari? Nilitaka kumwambia aksida, lakini aksida ni Kifaransa, ataipeleka wapi? Nikatafuta neno ya kitabu, ile sisi tunasoma, si ile ya barabara. Kwa Kirusi nilisema "binti yangu". Halafu nikasema: "Ajali."

Aliikala chini. "Ajal?"

"Ajali," nikamujibu, na kichwa nikatingisha: ndiyo, ndiyo, njo hiyo, ajali!

Mama wa bantu akaanza kulia. Nikawaza: aki, huyu muzee iko na huruma! Muguu tu, na analia hivi! Nikamupa maji.

Kesho yake natoka ku kazi, nakuta viatu zinajaa pa mulango. Naingia. Bamama bazee, bitambaa nyeupe ku kichwa, banaikala kuzunguka meza. Kioo ilifunikwa na shuka. Kuko supu ya tambi, kuko chai, mumoja anasoma Korani sauti ya chini. Niliwaza ni maulidi. Nikavua kofia, nikaikala, juu supu ilikuwa inanukia muzuri. Balikuya mumoja mumoja, banakamata mikono yangu na mikono yao mbili. Kuko mama wa etage, gorofa ya pili: akinikuta mu ascenseur, anangojaka ingine. Ule njo alikamata kichwa yangu akaiweka ku kifua chake, kama mutoto yake. Miye sijui nifanye nini. Nilibakia pale, pua mu koti yake, nasikia harufu ya sabuni.

Halafu mwenye kusoma alinyanyua mikono kwa dua, na mule mu luga yao nilisikia jina. Yasmine. Binti ya Hasan. Na mbele ya jina, "marhuma".

Yaya, hiyo neno haihitaji tafsiri. Marehemu!

Niliruka. "Hapana! Muzima! Iko muzima!" Sina Kirusi ya kutosha, nikaanza kujipiga muguu mbele ya bamama, hapa, hapa, muguu! kama mucheza mupira mwenye anamulomba refari penalti. Hakuna hata mumoja alicheka. Baliangaliana. Mama Nurania akanifuta uso na kitambaa: "Sabir, Hasan, sabir." Baliona huzuni ilishanipanda ku kichwa. Mwishoni baligawanya bitambaa ndogo ndogo, ni desturi yao, wenye balisoma dua banapewa kitambaa ya sadaka. Na miye nilipewa.

Imamu kijana ya ku musikiti njo alinifungua akili. Alicheka polepole, kwa heshima. Kwetu ajali ni gari kugongana. Kwao ajal ni ile saa yenyewe, ile Mungu alimwandikia mutu, haisogei mbele haisogei nyuma. Niliambia mujane muzee kwamba saa ya mutoto yangu ilifika! Ni miye mwenyewe nilimuzika, na mudomo yangu! Nilicheka mupaka machozi ikatoka. Halafu machozi ilikataa kusimama, sijui juu ya nini.

Nilitoa sadaka, Mungu apishe mbali. Mama Nurania kila mara namueleza kwamba ilikuwa kosa, kila mara ananiongezea supu. Na ule mama wa etage ya pili sasa tunapanda ascenseur pamoja. Ona vile dunia iko: juu ya uongo niliyosema bila kujua, bamenifungulia mulango.

Yaya, nalomba kitu mbili. Ya kwanza, sauti. Mwansa iko na simu. Yasmine aseme "Papa" tu, hata na usingizi, na bamurekodi. Ya pili ni kipimo. Nguo imebakia mikono peke yake. Iko pa mulango ya chumba, imetundikwa, na asubuhi nikifungua macho naiona kama mutu mwenye hana mikono anangojea nimupe.

Asani


Lubumbashi, 1 Desemba 2023

Asani, mutoto ya mama yangu,

Mbele ya kusoma, simama. Usisome mu chumba. Enda pahali Mama Nurania anapikia, uikale karibu naye. Kama haiko, kunja hii karatasi umungojee. Nakusihi kwa jina ya Mungu.

Sasa uko karibu naye.

Mama Nurania hakukosea, Asani. Neno yenye ulimwambia njo ilikuwa ya kweli. Yenye niliandika miye njo ilikuwa kosa.

Yasmine alifariki kule kule Kasumbalesa, tarehe moja Novemba, katikati ya malori. Haikukuwa muguu. Hakulala ku hospitali. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mu mufuko yake kulikuwa na kitenge ya bamama, na wenye balimuokota banasema uso yake ilikuwa nzima, kama mutu anataka kuuliza njia.

Simu hawakuniiba. Iko mu sanduku. Nilikuficha juu sikuona mutu kule wa kuikala huku na huku yako. Nilijiambia: akianguka, hakuna mwenye atamudaka, bataangalia dirisha. Nilikuwa nangojea nipate mutu wa kwetu mwenye anaenda Russie, hata mwanafunzi, nimupe neno kinywani. Halafu barua yako ilifika, ile ya kucheka. Jeannot alinisomea juu macho yangu ilijaa. Alipofika pa viatu zinajaa mulango, nilimwambia asimame. Balikuya na miguu, Asani. Bantu sijabaona hata siku moja, balikuya na miguu kwa mutoto yetu, balikuikalia huku na huku, mumoja alikudaka kichwa. Ile kazi nilikuwa naitafutia bantu, Mungu alishaifanya, na alikamata kosa ya neno moja kuifanyia. Sasa nikizidi kunyamaza, itakuwa si huruma tena, itakuwa uoga.

Ulilomba kipimo mara mbili. Kipimo iko. Nilikuwa nayo toka mwanzo, njo maana niliandika ile neno mubaya kwamba mwenye kulala hapimwi. Anapimwa. Miye na Mwansa na bamama ya musikiti tulimuosha, na tulimupima kwa ajili ya sanda, na kamba ya mukonge, toka kichwa mupaka kisigino. Nilifunga fundo pa mwanzo na fundo pa mwisho. Alikuwa amenipita urefu, sikukuwa najua. Nilimulea na sikujua amenipita. Ile kamba walitaka kuiacha ku kaburi. Niliifinya mu mukono yangu, iko hapa mbele yangu, siwezi kuiandika ku karatasi.

Leo sikulombi unisamehe. Usijibu haraka. Arobaini tutaisoma tarehe kumi, hapa nyumbani.

Uniangushie machozi hata ya kasirani, nitaipokea.

Habiba


Kazan, 12 Desemba 2023

Yaya Habiba,

Nilifanya vile uliandika. Mama Nurania alikuwa anasukuma unga ya tambi. Niliikala, nikasoma. Sijui kama nilianguka, lakini nilipopata akili, kichwa yangu ilikuwa mu mikono yake na ndevu zangu zilijaa unga.

Hakuuliza heber. Kwake ni ile kilio ya kwanza tu, ilichelewa kufika. Wiki zile zote, nikimueleza kwamba ilikuwa kosa, yeye alikuwa anapika na anangojea. Mara hii hakusema sabir.

Nilikukasirikia, Yaya. Nilikunja barua zako nikaweka chini ya godoro, sikutaka kuona mwandiko yako. "Analala sana." Mukono yako iliandika vile! Na miye nilikuwa nacheka, najipiga muguu mbele ya bamama wenye balikuwa banajua binti yangu kunipita. Lakini nilijiuliza: kama ungeniambia ile ijumaa, ningekuwa wapi? Ningekuwa pa kituo ya tram, simu ku sikio, na bantu banasogea pembeni. Njo nilitoa barua zako chini ya godoro. Mungu akuangalie. Ulibeba muzigo yetu mbili peke yako, na ni weye ulimuosha, miye sikumuosha.

Arobaini kwa hesabu ya Mama Nurania ilikuwa bado, juu yeye alianza kuhesabu siku ya ajal yangu. Nilimwambia tuisome siku moja na yenu. Hakubisha, akaenda kupiga hodi kwa bamama.

Bitambaa ya sadaka ilikuwa haiko. Alitaka kwenda kununua. Nilimwambia hapana.

Asubuhi nilishusha nguo pa mulango. Mikono haikukuwa, njo nilianzia pale, pa mabega kwenye nilikuwa nimekisia. Nilikata na mukasi ya kazi. Mama Nurania alisimama pa mulango anaangalia. Hii nguo alikuwa ameniona naishona tangu majani haijaanguka. Hakunizuia. Alileta kiti, akaikala, akanishikia satini isianguke chini. Kila kitambaa nilipinda pembe zote ine, na uzi ndogo, haionekani. Siwezi kutoa kazi ya ovyo ku jina yake.

Bamama balipokea, kila mumoja yake. Mutoto wetu aliolewa na nyumba mingi, Yaya. Kitambaa moja nilikuachia weye, moja Yaya Chadia, moja Aboubakar, kama ataikubali.

Leo asubuhi mu tram, mama wa etage ya pili alipanda. Alifunga ile kitambaa ku kichwa, chini ya kofia, inaonekana kidogo pa masikio. Tram ilijaa. Kiti ya karibu yangu ilikuwa wazi, mukate juu yake. Alikamata mukate, akaiweka ku magoti yake, akaikala. Alipofika pake, alinirudishia mukate, na ilikuwa na joto.

Ile kamba usiikate, na fundo usifungue. Uiweke mu sanduku pamoja na simu. Miye ni fundi, nilipima bantu bote ya Lubumbashi, binti yangu peke yake njo nilikisia. Siku nitarudi, kabla ya kuonyeshwa kaburi, unipe kwanza kamba.

Asani